Siku Mama Sikuzani Aliponinyang'anya Magongo

Tarehe 30 Juni, Mama Sikuzani Atumani anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya magongo na viti vya magurudumu, hapa Bujumbura. Miaka yote hiyo amefanya kazi kwenye meza moja: meza ya kusafisha na kung'arisha mabomba ya alumini.

Alianza kwa kushika tupa tu, akiondoa makali yanayobaki bomba likikatwa. Baadaye alifundishwa kuosha grisi, kupiga msasa na kung'arisha kwa mashine. Ana kitambaa chororo anachokipitisha juu ya kila bomba. Kikinasa popote, bomba linarudi kwenye tupa. Tabia hiyo humfuata hadi nje ya kazi. Kwenye harusi ya binti wa Gélase, fundi wetu wa mashine, alipapasa ukingo wa sinia zima kabla ya kula, na mpishi akanuna mpaka jioni.

Wengi watamkumbuka kwa vituko hivyo. Mimi namkumbuka kwa siku aliyoninyang'anya magongo.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa bado shuleni, sijaanza kazi hapa. Mguu wangu mmoja hauna nguvu tangu utotoni, na kituo cha afya kilikuwa kimeagiza magongo kwa ajili yangu na wenzangu kadhaa. Siku ya kuyang'arisha, kitambaa cha Mama Sikuzani kilinasa kwenye bomba moja, karibu na tundu la kurekebishia urefu. Kabla hajaliweka pembeni, umeme uliokuwa umekatika tangu asubuhi ukarudi. Wote wakakimbilia mashine kabla haujaondoka tena, na bomba lile likachanganyika na mengine. Jioni aliyapitia yote upya. Kitambaa kiliteleza kote.

Kesho yake nilifika kabla ya wenzangu, nikapewa jozi ya kwanza, nikarudi nayo nyumbani Buterere. Mama Sikuzani alifika kazini hana raha. Alijua kwamba mashine ikisugua alumini inaweza kuivuta juu ya ufa na kuuficha. Akataka magongo yote yatumbukizwe kwenye maji ya soda kali, yale yanayokula ung'avu na kuacha alumini wazi. Gari la kituo cha afya lilikuwa linakuja mchana na wenzangu waliobaki.

"Mama Siku, unaharibu kazi ya wiki nzima," alisema Pontien, msimamizi wetu.

Akayatumbukiza hivyo hivyo. Yalitoka ya kijivu, na hakuna hata moja lililokuwa na ufa. Kila mtu akashusha pumzi isipokuwa yeye. Jozi moja haikuwepo pale.

Gari la kazi halikuwa na mafuta. Yeye na Pontien walikuja kwa miguu, kwenye matope. Waliponiona nilikuwa ng'ambo ya mtaro uliojaa maji ya mvua, na njia ilikuwa ubao mmoja tu. Nilifurahi. Nikainuka ili niwaonyeshe ninavyotembea.

"Benite, kaa chini," aliniambia. "Usikuje."

Nilidhani ananitania. Niliweka gongo moja kwenye ubao, kisha la pili. Mama Sikuzani akashuka mtaroni, maji yakamfika kiunoni. Alinishika mimi kwanza, ndipo akachukua magongo.

Nililia mbele ya majirani. "Ulinipatia mwenyewe, sasa unaninyang'anya."

Hakuwa na ushahidi wowote wa kunionyesha. "Mi siwezi kukuacha nayo," alisema, akaondoka nguo zikimchuruzika maji.

Walipoyatia kwenye soda, mstari mwembamba mweusi ulijitokeza kando ya tundu. Pontien aliliegemea gongo lile kwa mkono mmoja. Likakatika.

Tangu hapo, hapa kwetu bomba haling'arishwi kabla halijapita kwenye soda na kutazamwa juani. Kazi inachelewa, wateja wananung'unika, na hakuna aliyewahi kupendekeza turudi kwenye utaratibu wa zamani.

Siku iliyofuata aliniletea jozi nyingine, ya kijivu, ambayo hakutaka hata kuipitisha kwenye mashine. Ndiyo niliyomalizia shule, na ndiyo ninayoiegemea leo nikisoma haya mbele yenu.

Mama Sikuzani, kwa niaba ya wenzako wote, asante. Nenda Ruziba ukapumzike na wajukuu wako. Tunakuombea afya, amani na miaka mingi ya raha.