Karatasi Iliyoombewa

Wapendwa, Bwana Yesu apewe sifa. Wa nyuma huko sijawasikia, narudia: Bwana Yesu apewe sifa. Haya, sasa tuko pamoja.

Wengi mnanijua. Mimi ni Skola, fundi cherehani, meza yangu iko karibu na stendi ya hapa Lindi, na watoto wengi wa kanisa hili wamebatizwa wakiwa na nguo nilizoshona mimi. Leo Mchungaji amenipa nafasi nishuhudie, akaniomba nisile muda wa mahubiri. Mchungaji, nitajitahidi. Ila ukiniona narefusha nivumilie, maana jambo hili nimelifungia moyoni miaka sita.

Nimezaliwa Kitomanga. Mama yangu, Bibiana, ni mkulima wa korosho, ndiye yule amekaa benchi la mbele na kilemba cha bluu. Hajui kusoma wala kuandika. Msimu wa kuokota korosho ukifika, akina mama wa kwetu huingia shambani na umande, wameinama, kila mmoja na ndoo yake. Mmoja huanzisha wimbo na wenzake huitikia, ili mgongo usahau kuuma. Mwaka aliofariki baba, mama alianzisha wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Aliimba: "Shamba ni kubwa, Bwana, mimi nimeinama, utaniona wapi?" Wenzake wakaitikia: "Atakuona, ndoo yako anaijua." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilisimama na ndoo yangu nikalia, na tangu siku ile nikajua nitakuwa mwimbaji.

Nikakua, nikaimba kwaya, nikatunga na nyimbo zangu saba. Halafu kwenye mkutano wa injili akaja mtu kutoka Dar es Salaam mwenye studio na kampuni ya kusambaza nyimbo. Jina lake silitaji, tumwite bosi. Akasema, "Dada Skola, sauti hii haifai kuishia Lindi." Ndugu zangu, maneno hayo yalinilewesha. Nikafunga meza yangu, nikapanda basi.

Tulirekodi nyimbo nane, saba zangu na ule wa mama. Siku ya kusaini mkataba, bosi alileta karatasi nyingi, zote kwa Kiingereza. Kabla sijazigusa akasema tusimame tuombe. Akaweka mikono juu ya zile karatasi, akaomba mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanipa kalamu akaniambia, "Weka sahihi kwa imani."

Sasa ninyi mnajua tulivyo. Jambo likishaombewa, nani anasimama aseme subiri kwanza nilisome? Utaonekana huna imani. Ningenunua hata kitambaa cha nepi ningekikagua, nikivute, nikitazame kwenye mwanga. Karatasi ya maisha yangu sikuikagua, kwa sababu ilikuwa imeombewa.

Na hilo bado ni dogo. Kulikuwa na kijana wa ofisini aliyejaza orodha ya nyimbo, anauliza kila mmoja umetungwa na nani. Saba nikajibu ni mimi, na ni kweli. Alipofika wa nane, wimbo wa mama, nikajibu ni mimi.

Msiniulize kwa nini, nitawaambia mwenyewe. Niliona haya kusema umetungwa na mama wa shambani asiyejua kushika kalamu. Tena nilitaka albamu yote iwe yangu, kila mstari uwe Skola, Skola. Nikamwibia mama yangu mzazi mchana kweupe, nikatoka hapo nikanywa soda.

Albamu haikutoka. Mwaka wa kwanza bosi akasema wakati wa Bwana bado. Mwaka wa pili akasema soko limebadilika. Baadaye akaacha kupokea simu. Siku moja nikaziimba nyimbo zile kwenye harusi kule Mitole, watu wakarekodi kwa simu zao, video ikamfikia. Hiyo siku alipiga mwenyewe. Akasema nyimbo ni mali ya kampuni, nikizifungulia mdomo popote, hata kanisani, tutaonana mahakamani.

Ndiyo maana, wapendwa, miaka yote hiyo mlipokuwa mkiniomba niimbe nilikuwa nasema koo linauma. Yule mama aliyekuwa akiniletea tangawizi na asali, Mungu akubariki sana, koo lilikuwa zima. Asali nilikula na chapati.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka kaburini. Lakini masikio ya mama yakaanza kufa. Kwanza akawa hasikii redio, kisha hasikii hodi. Hospitali wakatuambia ni mishipa ya kusikia inachoka, na itazidi. Nilipokwenda Kitomanga kumwona, akanishika mkono akauliza, "Skola, ule wimbo wangu utatoka lini? Masikio haya hayataningoja." Alisema wimbo wangu. Hakujua kwamba kwenye karatasi si wake tena. Nilirudi Lindi nimeinamisha kichwa njia nzima.

Kesho yake alikuja mezani kwangu Mwalimu Rehema kuchukua gauni la Idi. Ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, wengi wenu amewafundisha. Akanikuta nashona huku machozi yanalowanisha kitambaa chake. Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu." Akaitika marahaba, akavuta kigoda akasema, "Gauni litangoja. Wewe una nini?"

Nikamweleza. Akaniambia nikailete hiyo karatasi. Ilikuwa chini ya sanduku, miaka sita haijawahi kusomwa na mtu wa kwetu hata mmoja. Akavaa miwani, akaisoma yote, kila ukurasa. Mwishowe akasema, "Mwanangu, mkataba huu unafunga nyimbo ulizotunga wewe tu. Zote nane ni zako kweli?"

Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Nikamwambia ukweli.

Mwalimu akavua miwani. Akasema, "Basi wa nane hukuwa na haki ya kuutoa, na wao hawana haki ya kuushika. Ila itabidi uandike kwamba ulidanganya, na mama yako aseme wimbo ni wake. Uko tayari?" Ndugu zangu, ukombozi wangu ulikuwa hapo, na ufunguo wake ulikuwa aibu yangu mwenyewe.

Nikaenda Kitomanga. Nilikuwa nimejipanga vizuri, nimkalishe mama ndani, nitubu taratibu kwa sauti ya chini. Nilisahau kwamba mama hasikii. Nikasema, "Mama, nilikuibia wimbo." Akauliza, "Nini?" Nikapandisha. "Nini?" Mwishowe nilitubu kwa kupiga kelele, mama, wimbo wako niliuandika jina langu, na majirani wakatoka mmoja mmoja wakasimama uani. Kijiji kizima kilisikia dhambi yangu kabla ya mwenyewe aliyekosewa.

Mama alikuwa anamenya mihogo; alipoelewa akaendelea kumenya, wa kwanza, wa pili. Kisha akasema, "Jina la Skolastika nilikupa mimi. Halikukutosha, ukataka na langu?"

Nikapiga magoti pale kwenye maganda ya mihogo. Akaniacha nilie nishibe, ndipo akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye utomvu wa korosho ambao hautoki hata kwa sabuni. Akasema, "Masikio yangu yanakufa, lakini sikio la kufa lilikuwa la kwako. Inuka. Lete hiyo barua niweke dole gumba."

Nikamletea barua tuliyoiandika na Mwalimu, na kidau cha wino. Nikamwambia, "Mama, kwanza tuombe." Akautoa mkono wake. Akasema, "Kwanza nisomee."

Mama asiyejua herufi moja. Nikamsomea kwa kupiga kelele, neno kwa neno, mara mbili. Aliporidhika akaweka dole gumba, na wenzake watatu walioitikia wimbo ule shambani wakaweka ya kwao. Ndipo tukaomba.

Bosi alipopata barua alinipigia akafoka, akaniita mwizi, nami sikumkatalia, maana hapo alisema kweli. Mwezi ukapita. Kisha kampuni ikaleta barua fupi: wimbo wa nane wanauachia. Zangu saba bado ziko kwao mpaka leo, sitawadanganya. Nilikuwa nikizililia, sasa nimepumzika. Mwenye kutunga saba atatunga na nyingine.

Wimbo wa mama tumeurekodi humu humu ndani, wapendwa, nanyi mlileta vitenge na mablanketi tukaziba madirisha. Kinanda na kompyuta ni vya kwaya yetu. Hatukuwa na bosi. Yule jogoo wa nyuma ya kanisa aliingia ubeti wa pili, tukasema na aimbe, naye ni wa Lindi. Tukauweka mtandaoni wenyewe.

Kisha nikaenda kwa Salumu, yule kaka wa kibanda cha stendi anayewaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Salumu nilishawahi kumtukana mbele za watu, nikimwita mwizi wa jasho la wasanii. Nikampa mkono, nikamwambia, "Kaka Salumu, nisamehe. Mimi nilikuwa mwizi kuliko wewe. Huu nimekuletea mwenyewe, waingizie watu." Akausikiliza kwa spika za masikioni mpaka mwisho. Akasema, "Dada Skola, mimi Mwislamu, lakini mama yangu naye ameinamia korosho hizo hizo. Nitakuwa naufungulia kila asubuhi." Na anaufungulia. Mkipita stendi mtaushuhudia.

Nikapeleka sabufa Kitomanga, ile spika nzito yenye mdundo wa kutikisa. Mama akaketi karibu nayo, akaweka kiganja juu yake, sikio akaliegemeza. Mwanzoni kabla ya kinanda ninasema, "Wimbo huu umetungwa na Bibiana, mkulima wa Kitomanga." Mama akanyanyua kidole: rudisha. Nikarudisha. Akanyanyua tena. Nilirudisha mara nne, hatujafika kwenye wimbo wenyewe. Ya nne akasema, "Sasa acha iimbe."

Ndugu zangu, namshukuru Mungu hakungoja masikio ya mama yazibe kabisa. Namshukuru kwa Mwalimu Rehema, kwa Salumu, kwa wale bibi watatu na vidole vyao. Kama humu yupo aliyetia sahihi kitu kwa haya, au ameandika jina lake mahali pa mwenzake, nakusihi usiogope. Kaitoe hiyo karatasi chini ya sanduku, umpe mwenye macho aisome, useme kweli hata kama ni kwa kupiga kelele. Mungu wetu anaweza kuombwa baada ya kusoma. Mtumaini, hatakuacha katikati ya njia.

Sasa namalizia, Mchungaji. Leo mama hasikii hata nikimsemea sikioni. Lakini tazameni, ameweka viganja vyote viwili juu ya benchi, anangoja. Ndiyo maana naomba mtakapoitikia, mwitikie kwa miguu pia, mbao zitikisike, mtikisiko umfikie viganjani.

Shamba ni kubwa, Bwana, mimi nimeinama, utaniona wapi?

Itikieni, wapendwa. Anawangoja.