Historia ya Fundi Wilibrodi Katepa na Gari la Kasanga

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Chanji, ndugu wa Mpui na wageni mliopanda kutoka Kasanga, poleni kwa msiba, na poleni kwa upepo huu ambao tangu asubuhi unataka kuondoka na turubai letu. Historia hii inasomwa na Shija, mkwe wa marehemu, mume wa Winifrida, kwa sababu wana ukoo wenyewe walishindwa kukubaliana nani asome, na mkwe siku zote ni mtu wa kutumwa. Familia inaomba isikilizwe hadi mwisho, kwani tangu juzi hapa uwanjani yamesemwa maneno mazito, kwamba gari ndilo lililomuua marehemu, kwamba aliyelifanya liwe gumu ni binti yake mwenyewe, Victoria, na kwa hiyo asishike jeneza wala asitie udongo kaburini. Victoria yupo, amekaa pale kando ya mama yake, na gari lenyewe limesimama nje ya geti, kila mmoja wetu amelipita akiingia.

Marehemu Wilibrodi Romani Katepa alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 kijijini Mpui, mtoto wa kwanza wa Mzee Romani Katepa na Mama Mariana, wakulima wa mahindi na ulezi, akabatizwa mwaka huohuo. Mwaka 1965 alianguka kutoka juu ya kihenge akavunjika paja, akapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kupelekwa hospitali ya misheni, na mama yake alisimulia mpaka uzeeni kwamba mtoto hakulia alipoanguka, wala alipofungwa vijiti, alilia njiani kwa sababu ya mawe. Baba yake aliyewaswaga ng'ombe alikuwa akitembea kwa miguu pembeni, hakuhisi hata jiwe moja, na akawa anashangaa mtoto wa kiume analilia nini. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, na wengi wenu mlimjua kwa mwendo huo kabla hamjamwona uso.

Kwa ajili ya mguu huo alichelewa kuanza masomo, akaingia shule ya msingi kijijini Mpui mwaka 1967 na kumaliza mwaka 1973, kisha mwaka 1974 akapokelewa katika karakana ya misheni kujifunza ufundi wa magari, akakaa huko miaka mitatu. Mwaka 1977 aliajiriwa na chama cha ushirika mjini Sumbawanga kutengeneza malori ya mahindi, mwaka 1989 akahamia Kasanga kuhudumia magari ya mizigo ya bandarini, na mwaka 1994 alirudi mjini akafungua gereji yake hapa Chanji, ambako watu walimwita fundi wa miguu, maana injini aliwaachia wengine, yeye alishughulika na springi, shokapu na bushi, vile vipira vya kwenye maungio, tu.

Ni kazini ushirikani alikoanza ile tabia iliyowachekesha mafundi wenzake, wakasema Katepa analipwa kwa kulala. Akimaliza kufunga springi hakuridhika kulitikisa gari kwa mikono, bali alitandika mkeka nyuma, akalala chali, akamtaka mtu mwingine aendeshe, na kiganja chake akakiegemeza kwenye bodi. Akigonga mara moja, maana yake hapa panaumiza. Akigonga mara mbili, maana yake gari linayumba, linataka kulala. Asipogonga, dereva aendelee. Kila mtu hapa Chanji anaijua lugha hiyo ya mkono, na ndiyo iliyotufikisha kwenye maneno ya juzi.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa takatifu na Silvana, ambaye alimwona kwa mara ya kwanza akishuka kwenye lori la ushirika huku ameshika kiuno, na badala ya kumsalimu kama watu wengine alimuuliza, "Dada, inakuuma wapi hasa?" Mama amesema tusome hivyohivyo, ndivyo alivyotongozwa. Walijaliwa watoto wanne, Jastin, Winifrida, Victoria na Beda aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2004, na wajukuu saba. Victoria, aliyezaliwa mwaka 1992, ndiye aliyemfuata baba yake chini ya magari, akasoma ufundi Mbeya akarudi gerejini mwaka 2014, na waliosema msichana hawezi kufunga springi walikuja wakapanga foleni kwake, baadhi yao wamekaa hapa.

Sasa tuseme la gari. Mwaka 2017 akina mama wa Kasanga, Wakristo na Waislamu pamoja, walinunua Landkruza kuukuu ya mkonga, lile bomba la hewa lililopanda kando ya kioo, kutoka kwa mfanyabiashara wa mahindi, ili iwapandishe wagonjwa na wajawazito kutoka ziwani hadi hospitali huku juu. Gari hilo lilikuwa limenyanyuliwa na kuongezwa majani ya springi, yale mabapa ya chuma, kila upande kwa ajili ya magunia, na gunia halilalamiki, lakini mjamzito aliyepandishwa nalo alifika hospitali hana hata nguvu ya kutaja jina lake. Marehemu alipoelezwa hayo alikumbuka mkokoteni, akayatoa majani yote ya nyongeza, akafunga shokapu laini kuliko zote zilizopatikana mjini, akalala nyuma kwenye njia ya Mpui, na mkono wake haukugonga hata mara moja. Akina mama walipiga vigelegele, wakasema gari limekuwa kitanda.

Hapo ndipo alipokosea, na ni yeye mwenyewe aliyetaka isomwe hivyo. Njia ya Mpui ni tambarare, ina mashimo lakini haina kona, na zile kona za kushukia Kasanga hakuzilalia. Tarehe 20 Machi 2021 gari hilo, likiwa na watu sita, liliinama kwenye kona moja ya mteremko, likaendelea kuinama, likalala ubavu ukingoni mwa korongo, na Mama Tereza, aliyekuwa akirudishwa nyumbani siku chache baada ya kujifungua, akavunjika nyonga. Hakufa mtu. Marehemu alishuka Kasanga siku iliyofuata kumwomba radhi, akarudi, na kwa muda mrefu hakuweza kula mezani na wenzake.

Ndipo alipomkabidhi Victoria gari. Watu walidhani binti amejichukulia kazi ya baba yake na kuiharibu, na maneno hayo yalianza tangu wakati ule, Victoria akanyamaza, na marehemu naye, kwa bahati mbaya, akanyamaza. Ukweli ni kwamba walilitengeneza pamoja. Victoria alilishusha kimo, akarudisha jani moja la springi kila upande, akabadili bushi zote, akafunga shokapu nene na chuma cha kulizuia gari lisilale konani, kisha wakaenda kulijaribia kwenye mteremko wenyewe, Victoria kwenye usukani na baba yake chali nyuma. Mara ya kwanza aligonga mbili karibu kila kona. Victoria akakaza, mbili zikaisha, lakini kwenye kipande kibovu zikaja moja. Akalegeza ili moja ziishe, mbili zikarudi. Wiki nzima walipanda na kushuka mlima ule, binti akikaza na kulegeza, hadi siku moja alisimamisha gari, akaenda kufungua mlango wa nyuma akiwa analia.

"Baba, mimi sitaki ugonge kabisa," alisema.

"Mama, moja niachie," marehemu alimjibu, maana binti zake wote aliwaita mama. "Moja ni maumivu, mgonjwa atafika nayo hospitali. Nitolee mbili."

Wakaacha hapo, na tangu siku hiyo gari hilo limepandisha wagonjwa ambao wengine leo wamesimama kule nyuma kwa kukosa viti.

Mwezi Novemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, ambayo ilikuwa imekwishafika kwenye mifupa ya mgongo. Alitibiwa hapa mjini na Mbeya, akapata nafuu ya vipindi, na mwezi Julai mwaka huu alishuka Kasanga kukaa kwa binti yake Winifrida, akisema anataka kuota jua la ziwani. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 2025 maumivu yalimzidi, homa ikapanda, na kulipopambazuka akina mama wakaleta gari. Alipoona ni lile, alitaka atandikiwe mkeka juu ya godoro, akalazwa chali, na kabla mlango haujafungwa kiganja chake kilikuwa tayari kwenye bodi.

Nyuma walikaa mkewe Silvana na mdogo wa marehemu, baba mdogo Christopha, na dereva alikuwa Meshack. Walipofika kipande kibovu mkono ulianza kugonga, mara moja, mara moja, na kila ulipogonga marehemu aliuma meno, jasho likamtoka, baba mdogo akawa anapiga kelele, "Meshack, kaka anagonga, husikii? Unamuua!" Meshack alipunguza mwendo mpaka watu wa miguu wakawa wanawapita, na bado mkono uligonga. Hakuna aliyekuwa ndani ya gari lile atakayesahau sauti ile, na baba mdogo hajadanganya hata neno moja katika aliyoyasema juzi kuhusu hilo, aligongewa na kaka yake sikioni.

Kisha zikaja kona za mlima. Kwenye kona ileile ya mwaka 2021 lori la saruji lilikuwa likishuka kwa kasi upande usio wake, Meshack akaliona likiwa limekwishajaza barabara yote, akavuta usukani kushoto hadi tairi zikagusa changarawe za ukingo, akaurudisha kulia ili asitumbukie, kwa ghafla, kwa nguvu zake zote, namna ambayo dereva yeyote hapa anajua gari refu huwa linalala. Mama Silvana alijilaza juu ya mumewe akafumba macho. Baba mdogo alishika bomba la dari na kuita jina la Mama Maria. Gari liliinama, likasita, likarudi likasimama kwenye njia yake, na lori likapita bila kusimama. Mama alisubiri mkono ugonge, kwa kuwa uso wake ulikuwa kifuani pa marehemu na kiganja kile kilikuwa karibu na jicho lake. Kiganja kilikuwa kimelala juu ya bodi, kimetulia.

Walifika hospitali hapa mjini kabla ya adhuhuri. Madaktari walieleza, na wametupa ruhusa kulisema, kwamba figo zilikuwa zimeshindwa kabla ya safari, kwamba barabara ilimwongezea maumivu lakini haikumwongezea ugonjwa. Jioni ya tarehe 4 Agosti, baba mdogo akiwa amekwenda kupumzika, marehemu alipata nguvu kidogo, akamwita mkewe asogee, Meshack akiwa amesimama miguuni pa kitanda, akasema maneno haya: "Mama Jastin, Christopha atawaambia watu kwamba niligonga. Ni kweli. Moja nimegonga, nyingi tu. Mbili sikugonga, hata kwenye ile kona. Wasomeeni." Akapumzika, halafu akaongeza kwamba siku ya kupelekwa Mpui apelekwe na gari hilohilo, na aendeshe Victoria. Alifariki dunia tarehe 5 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika ule mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Chanji waliotupikia na kutuletea kuni tangu siku ya kwanza, mafundi wenzake waliofunga gereji zao wiki nzima, jumuiya ndogondogo kwa sala, na akina mama wa Kasanga waliotuletea gari. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Mama Tereza, aliyepanda mlima na fimbo yake ndani ya gari lileile, akakaa nyuma, tena kwa kutaka mwenyewe. Tunamshukuru Meshack, ambaye leo amekabidhi ufunguo.

Jana jioni maneno haya ya marehemu yalisemwa mbele ya wazee, na baba mdogo Christopha alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaondoka. Asubuhi ya leo, akina mama walipofungua gari ili walisafishe, walikuta nyuma pametandikwa mkeka, na Mama Silvana ameutambua, ni mkeka wa nyumbani kwa shemeji yake Christopha. Familia haina la kuongeza juu ya hilo. Baada ya misa tutabeba jeneza, Victoria akiwa mmoja wa wabebaji, kisha atakwenda mbele na kushika usukani, na tunaomba magari mengine yasimharakishe kwenye njia ya Mpui, ina mashimo.

Baba Jastin, fundi wetu, mkeka wako umetandikwa, na mbili hakuna tena. Lala nyuma, pumzika kwa amani, binti yako anaendesha.