Miaka Mitatu Isiyokuwa Safari

"Andika alisafiri, shemeji, nani atauliza alikwenda wapi?" alisema baba mdogo asubuhi ya jana, naye mama akamjibu, "Hata begi hakubeba, msafiri gani anaondoka na kandambili?" Wakavutana hivyo mpaka chai ikapoa, kwa sababu historia ya marehemu haina budi kufuata miaka, na miaka mitatu ya baba yetu ilikuwa haijapata jina.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1968, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, akasoma shule ya msingi na sekondari humu humu mjini, na mwaka 1989 akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, alikopanga herufi na kusahihisha kurasa kwa miaka thelathini. Tarehe 16 Septemba 1995 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa watoto watatu, wa mwisho ni mimi ninayewasomea.

Mwaka 2018 alitoa kitabu chake cha pekee, hadithi ya nchi ya kubuni, ambamo mtu akichukuliwa nyumbani kwake majirani hulazimika kusema amesafiri, hata nchi ikawa na wasafiri wengi kuliko mabasi. Tarehe 12 Juni 2019 alichukuliwa yeye, na kama alivyotusimulia baadaye, aliulizwa nchi hiyo ni ipi, akajibu haipo, akaulizwa, mbona sisi tumeitambua. Baba mdogo, ambaye ni mtumishi wa serikali, alikwenda kila mwezi kwenye geti la alikofungiwa na nguo safi, akirudishwa nazo, na majirani walipouliza, sisi tuliokisoma kitabu tulijibu amesafiri. Shuleni, nikiwa kidato cha kwanza, nilijibu vivyo hivyo, nikaambiwa nisirudi mpaka msafiri arudi.

Aliachiwa tarehe 3 Julai 2022, figo zikiwa zimeharibika na miguu imevimba, hakupata kazi tena, akawa anasahihisha maandishi ya kwenye pakiti za dawa zake, mpaka tarehe 11 Februari 2024, alipofariki hospitalini, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuuliza alikotoka, majirani mliokuja, pamoja na mliopitia mlango wa nyuma, na wafanyakazi wenzake mliochapa karatasi hizi bila kuuruka mwaka wowote. Baba, pumzika, hakuna tena wa kukuhoji.

Baba mdogo aliogopa kibarua kuota nyasi, wala hatumlaumu, lakini leo tulipokuwa tunatoka nyumbani alinisubiri mlangoni, akaninyooshea kola, akasema maneno ambayo ameniruhusu kuyaongeza hapa kwa kalamu: "Basi soma, mwanangu. Ila paza sauti, wale wanaotuandika wasije wakakosea neno."