Kigoda Chenye Picha ya Bata

Ndani ya treni ya asubuhi, mbele yangu waliketi wanawake wawili wasiojuana. Mmoja, mama mlezi, alimpakata msichana wa miaka minne aliyelala fofofo. Alisema anampeleka kwa shangazi wa damu wa mtoto huyo, kijijini kusiko na chekechea.

"Damu nzito kuliko maji, dada," alisema mwenzake, fundi cherehani. "Shule atasoma tu akikua."

"Samaki hukunjwa angali mbichi. Huyu alikuja kwangu hasemi neno. Alishahamishwa nyumba tatu. Mwalimu wa chekechea akampa kigoda chenye picha ya bata, akamwambia hakikaliwi na mwingine. Siku mwenzake alipokikalia, akafungua mdomo: 'Changu!' Mwalimu alilia, nami nikalia."

"Na shangazi mtu je? Yeye halii?"

Mama mlezi akamfuta mtoto jasho kwenye paji la uso.

Treni iliposimama kwenye kituo cha kwa shangazi, mtoto akaamka, akachungulia dirishani.

"Mama, tumefika shule?"

Fundi akainama, akaanza kumvalisha kiatu kilichomvuka, taratibu, kana kwamba hajui kufunga gidamu.