Baba Hakustaafu

Waheshimiwa mliokaa mbele kivulini, na ninyi ndugu, jamaa na majirani mliosimama nyuma juani, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee historia ya maisha yake. Jana kamati ya mazishi ya serikali ilituletea historia iliyokwisha chapwa, karatasi nzito, picha nzuri, na ndani yake imeandikwa kwamba mwaka 1986 marehemu alistaafu kwa hiari ili apate muda na familia yake. Hiyo sitaisoma, nitasoma ya kwetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, katika chumba cha nyuma ya duka la babu, ambako vitambaa vya wateja ndivyo vilivyokuwa pazia na ndivyo vilivyokuwa shuka, na bibi alikuwa akitusimulia kwamba mwanawe huyu alilia kwa zamu, analia, ananyamaza asikilize kama amesikika, kisha anaendelea. Alianza shule mwaka 1946, akaendelea hadi sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 1957, akiwa wa kwanza katika lugha na wa mwisho katika hesabu, jambo ambalo hakulificha hata alipokuwa waziri.

Januari 1958 aliajiriwa karani wa posta, dirisha la stempu, na huko, alisema, ndiko alikosomea diplomasia, kwa kuongea kutwa nzima na watu wenye hasira kupitia nondo. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye kifurushi chake kilipotea, akafoka mpaka foleni nzima ikageuka kumtazama, naye baba akamwambia, "Dada, nifokee taratibu nipate kuandika." Walifunga ndoa tarehe 5 Juni 1965, huyo ndiye mama yetu, nao wakajaliwa watoto wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja.

Alikuwa mbunge tangu mwaka 1964, akateuliwa balozi mwaka 1970, na waziri wa mambo ya nje mwaka 1977. Majirani zetu wawili walipopigania mpaka mwaka 1981, yeye ndiye aliyewakutanisha, na wajumbe wao walipokataa kupita mlango mmoja, wala huyu kumtangulia yule, baba aliwapitisha wote jikoni, katikati ya masufuria na wapishi waliokuwa wakiwacheka, wakafika mezani wakiwa wamekwisha kucheka na wao. Vita viliisha. Hayo yamo katika karatasi ya kamati, tena kwa herufi kubwa.

Yasiyomo ni haya. Februari 1986 wafanyakazi wa karakana ya reli waligoma, wakapigwa risasi langoni, na baba alikwenda mwenyewe chumba cha maiti, akarudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua viatu. Wiki hiyohiyo alisafiri na mama kwenda mkutano wa mataifa, na asubuhi ya hotuba yake simu ililia chumbani kwao, mama akiwa amekaa pembeni yake anasikia, mkubwa mmoja akamwambia, "Sema ni uzushi, hakuna aliyekufa." Baba akajibu, "Mzee, nimewaona kwa macho yangu, mmoja bado alikuwa amevaa glavu za kazi." Akaambiwa, "Hukuona kitu." Akaweka simu chini, akafunga tai, akapanda jukwaani akasema, "Nimetumwa nikane vifo vya wananchi wangu. Sikani."

Wenyeji wa mkutano walimwomba abaki nchini kwao wamlinde, akawashukuru, akasema, "Nikikaa hapa nitakuwa nimesema ukweli kwa mbali." Alikamatwa uwanja wa ndege kabla hajafika kwenye mizigo, akawekwa gerezani bila kesi hadi mwaka 1989, kisha akafungiwa nyumbani kwake, askari getini, hadi mwaka 1997. Ndugu waombolezaji, huko ndiko kustaafu kwa hiari. Mama alifukuzwa kazi, sisi watoto tukahamishwa shule kama vikapu, na watu waliokula mezani kwetu wakawa wakituona wanavuka barabara. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuombi baadaye kiti cha mbele.

Mwaka 1991 bibi yetu, yule mkunga, alifariki, baba akaomba akamzike mama yake, askari wa getini akapiga simu kwa mkubwa wake, jibu likaja, "Hakuna ruhusa." Baba alivaa suti, akasimama dirishani mpaka jua likazama, nasi hatukuthubutu kumwambia aketi. Aliyetoa jibu lile yupo hapa leo, amevaa miwani myeusi. Sitamtaja, anajijua.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2016, madaktari wakashauri apelekwe nje, lakini pasi yake iliyochukuliwa uwanja wa ndege haikurudishwa kamwe, na kaka yangu kila alipokwenda kuiulizia aliambiwa, "Faili la mzee linashughulikiwa." Marehemu aliaga dunia tarehe 9 Septemba 2017, na kabla mwili haujatolewa wodini, redio ilikwisha kumwita nguzo ya taifa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliopigana kwa mashine zinazozimika umeme ukikatika. Tunawashukuru majirani, hasa fundi friji wa nyumba ya pili, aliyeingia kwetu miaka yote ile na begi la vifaa, akimwambia askari, "Friji la hawa limeharibika tena," ili baba apate mtu wa kuzungumza naye. Kwa wafanyakazi wenzake tunamshukuru mmoja, dereva wake wa zamani, aliyekataa kutoa ushahidi wa uongo, akapoteza kazi, na bado kila Jumapili akapita barabarani kwetu akipiga honi mara moja. Wengine tutawashukuru tukipata sababu.

Serikali ilitaka marehemu azikwe makaburi ya mashujaa, nao waliokuja kumwambia mama hawakuuliza, walimjulisha. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, akawaambia, "Mlipomkataa alikuwa wangu. Leo pia ni wangu." Kwa hiyo atalala hapa nyumbani, na nawaomba waheshimiwa mbaki mmeketi, jeneza litabebwa na kaka yangu, fundi na dereva, na majirani watakaojitolea.

Baba, weka mzigo chini sasa, upumzike kwa amani. Kaka, fundi, dereva, njooni tumchukue.