Mashavu Yangu na Kabati la Mama Matroni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu, wapishi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, na wenzangu wa bweni: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimetumwa kumsifu Mama Matroni, anayestaafu leo baada ya kutulea miaka ishirini na sita. Mwalimu wa Kiswahili amezisahihisha sifa zangu na kufuta mbili. Nitazisema zilizobaki, kisha nitatoa ombi moja ambalo uhai wangu unalitegemea.

Nani hajui jicho la Mama Matroni? Wengine hupima homa kwa kipimajoto. Yeye humtupia mtu jicho, basi, kashapima. Nilipoanza kumeza vidonge vya prednisoloni kwa ajili ya ugonjwa wa figo, mashavu yangu yalivimba yakawa mviringo. Wenzangu wakaniita Puto. Yeye akasema nimenawiri. Wakaguzi walipokuja, alinisimamisha mstari wa mbele niwe ushahidi wa uji wa shule, na mmoja wao akaandika daftarini huku akitabasamu. Je, kuna uji uliowahi kupata sifa za bure kiasi hicho?

Siku moja nilifuata kidonge changu kwenye kabati la dawa, akalifunga kufuli mbele yangu.

"Mwanangu, mgonjwa gani ana mashavu haya? Umepona. Waachie wagonjwa dawa."

Ndugu wageni waalikwa, juu ya kila figo imekaa tezi ndogo inayotoa homoni ya kutupa nguvu tunapopatwa na shida. Ukiimeza homoni hiyo kwa vidonge miezi mingi, tezi husema: kumbe kazi ina mtu, basi tulale. Ndiyo maana daktari huvipunguza vidonge kidogo kidogo mpaka tezi ziamke. Hayo yaliandikwa kwenye kadi yangu kwa wino mwekundu. Lakini kadi haina mashavu, nani angeitazama?

Siku ya nne bila kidonge nilitapika, nikaanguka mstarini asubuhi. Mama Matroni akawaeleza walimu kwamba nakwepa mtihani wa hesabu. Nakiri, hesabu na mimi hatuivi; lakini ni mvivu gani awezaye kujishusha presha mpaka muuguzi ashuku kipimo chake ni kibovu? Sindano ya zahanati ndiyo iliyonirudisha.

Nimsifu kwa haki. Alikuja kitandani kwangu, akakaa, akaomba radhi, jambo ambalo bweni zima halijapata kulishuhudia. Alisema, "Nisamehe, mwanangu. Mimi nilijua aliyenona ndiye mzima."

Nimemsamehe, na nalisema mbele yenu. Kabati sijalisamehe.

Kwa maana wiki hii msichana wa kidato cha kwanza naye ameanza kunawiri, nanyi mmeshampongeza. Vidonge vyake na vyangu vimo mle ndani, na matroni mpya amepewa ufunguo bila kupewa maelezo.

Mwalimu Mkuu, tunaomba tukae na dawa zetu wenyewe. Nimeandika barua mara tatu, nikaambiwa ziko mezani. Ya nne ninayo hapa, na kalamu nimekuja nayo. Mama Matroni ameshatia sahihi yake. Mstari uliobaki ni wako.

Asanteni kwa kunivumilia. Sitashuka jukwaani bado. Namsubiri Mwalimu Mkuu.