Maman Hadassa Nday na Gari la Masomo

Tunayemzika leo ni dada yangu mkubwa, Hadassa Nday Kalenga, mtu aliyekataa kupangiwa maisha. Mimi ni Antoinette, mdogo wake. Nasoma haya kwa niaba ya familia, na atakayekasirika anivumilie.

Alizaliwa Likasi, kwetu Kongo, tarehe 9 Agosti 1979, mtoto wa tatu wa papa Kalenga, fundi wa reli. Alisoma hapo hapo Likasi, kisha akapata diploma ya ualimu Lubumbashi mwaka 2001. Alifika Brussels mwaka 2006. Diploma yake haikutambuliwa, akafanya kazi kwenye kantini ya shule huko Koekelberg.

Mwaka 2008 alifunga ndoa na Guylain Kazadi, dereva wa basi. Mungu aliwapa Inès na Élisée.

Élisée alipofika darasa la nne, wazazi waliambiwa na shule kwamba hawezi kuendelea na wenzake. Dada alikataa. Alimwandikisha kusomea nyumbani, kama sheria inavyoruhusu, akaacha kazi ili amfundishe mwenyewe. Mshahara wa Guylain peke yake haukutosha. Ndipo akaamua kununua camping-car kuukuu, gari lenye vitanda na jiko ndani. Wakati wa likizo familia nyingine zingelikodi, na miezi mingine lingekuwa darasa.

Tulikwenda kulitazama Laeken, kwa mzee mmoja Mbelgiji aitwaye Pol. Dada akamwambia mumewe kwa Kiswahili, mbele ya mwenye gari, kwamba linanuka mbuzi. Hakujua kwamba mzee Pol alikuwa amefundisha Kolwezi, kule kule kwetu, miaka mingi.

"Maman, hapana mbuzi," mzee akajibu. "Ni imbwa yangu."

Guylain alitamani ardhi immeze. Dada hakutikisika.

"Bon, papa, basi imbwa apunguze bei."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini, na bei ikapungua.

Mlimcheka, na nyote nawajua. Mlisema wenzake wanajenga Likasi, yeye ananunua nyumba ya magurudumu. Lakini gari hilo lilisaidia kulipa kodi ya nyumba yao ya Berchem-Sainte-Agathe, na ndani yake Élisée alijifunza hesabu hadi akaanza kumsahihisha baba yake.

Septemba 2025 dada aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea kumfundisha mwanawe kutoka kitanda cha hospitali. Alijua tungependa kuuza gari ili mwili urudishwe Likasi, akamwita mumewe, nami nikiwepo.

"Munizike hapa," alisema. "Ile mutuka ni masomo ya mutoto. Musiuzishe."

Alifariki Jumanne, 17 Februari 2026, akiwa na miaka arobaini na sita.

Kwenye matanga, tonton Dady, ndugu ya baba yetu, na wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kupata mnunuzi wa gari. Walisema ni aibu mtoto wa Kalenga kulala ugenini. Guylain alikuwa hajawahi kubishana na wakwe zake. Siku ile alisimama mbele yao, akasema mnunuzi apigiwe simu asije. Ndiyo maana tuko kwenye makaburi haya.

Ameacha mume, watoto wawili, mama yetu aliyeko Likasi, na sisi wadogo zake watatu. Mtihani wa Élisée wa kumaliza shule ya msingi ni mwezi wa sita. Jumatatu asubuhi masomo yanaendelea ndani ya gari, na atakayefundisha ni mimi.

Lala kwa amani, dada. Anayetaka kucheka, sasa anicheke mimi.